Mwendo Aliouongeza Nishikanta

Nishikanta Dhara alizaliwa katika kichochoro chetu cha wakerezaji wa vyuma, hapa Howrah, lakini chuma hakikumkubali. Akishika kerezo, ile mashine inayozungusha chuma kikichongwa, kitu kilichotakiwa kutoka mviringo kilitoka kimevimba upande mmoja. Kaka yake Haradhan, aliyemlea tangu baba yao alipofariki, alimvumilia muda mrefu. Mwishowe siku moja aliokota kipande kilichokerezwa na mdogo wake, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango, akamwambia mbele yetu, "Mdogo wangu, hili ni yai. Kaliatamie, huenda likaangua."

Tulicheka mpaka tukashikilia mashine. Nishikanta naye alicheka. Akanawa mikono, na hakurudi tena kwenye kerezo.

Haradhan hakumtupa. Alisimamisha ukuta wa mbao nyembamba katikati ya karakana yake, na nusu ya mbele, ile inayotazama njia, akampa mdogo wake afanye kazi aliyoipenda, ya kuunganisha filamu za harusi. Watu walimwambia ile nusu angeipangisha.

"Nimeshaipangisha," akajibu.

"Kwa nani?"

"Kwa mtoto wa mama yangu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema mambo yake. Kwa ufupi, halafu anawasha mashine.

Ndugu hao wawili waliishi na wake zao na watoto katika nyumba moja nyuma ya karakana, na walikula chungu kimoja. Kwetu hili si jambo dogo. Ndugu wanaweza kugawana vyumba, hata ua, na watu wakasema bado ni nyumba moja. Chungu kikigawanywa, nyumba imegawanyika, hata kama paa ni lile lile. Mama yao alipokuwa akikata roho aliwaambia wagawane chochote wapendacho, chungu wasigawane.

Na chungu chenyewe hakikuwa imara. Malati, mke wa Haradhan, alisema kwamba Jharna, mke wa Nishikanta, huamka jua likiwa utosini. Jharna alisema Malati anatia pilipili kama mtu anayefukuza panya. Sisi majirani tulijua, na nadhani wao wenyewe walijua, kwamba kilichokiweka kile chungu jikoni ni mapenzi ya wale wanaume wawili. Siku wao wakikosana, wanawake hawangesubiri kuambiwa.

Sasa niseme habari ya kompyuta. Nishikanta alikuwa nayo moja, kubwa, ya mezani, aliyoinunua zamani kidogo. Mwanzoni ilimtosha. Baadaye watu wa harusi wakaanza kutaka picha kali zaidi, zile zinazoonyesha hata jasho kwenye pua ya bwana harusi, na kompyuta ikaanza kuburuta miguu. Aliiamuru itoe filamu, akaenda kuoga, akala, akalala kidogo, akarudi akaikuta bado iko mwanzoni, kwenye sehemu ya kumpaka bibi harusi manjano.

Malati alimtania kila mchana akiwa anapakua. "Shemeji, ile kompyuta yako imeiva? Wali wangu umeiva tangu asubuhi."

"Bado, shemeji. Inachambua mchele."

"Basi iambie ikimaliza kuchambua ije inisaidie mimi."

Walicheka, lakini Nishikanta aliumia. Kununua nyingine hakuweza. Akavuka daraja, akaenda kwenye soko la Chandni kumwona Imtiaz, fundi wa kompyuta aliyemfahamu kwa miaka mingi. Huko ndiko alikoambiwa kwamba prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta, inaweza kukimbizwa kuliko mwendo iliopangiwa kiwandani, na kwamba ile ya kwake ni ya aina inayokubali.

Nishikanta alirudi akanieleza yote tukinywa chai. Alizoea kunieleza mambo, kwa sababu mimi sina maneno mengi na sikatizi. Alisema Imtiaz alimwambia hivi:

"Ndugu yangu, hiyo ni kama mkimbiaji. Kiwandani wamemwambia, kimbia mwendo huu, hutachoka hata jua likiwaka. Lakini ana pumzi ya ziada. Unaweza kuichukua hiyo pumzi. Ila ukimkimbiza bila maji na bila kivuli, atakuangukia njiani."

"Kivuli ndiyo nini?"

"Feni kubwa zaidi, na grisi mpya chini yake, vumbi lote litoke. Na kabla hujagusa kitu, kazi zako zote zitoe, ziweke kwenye diski ya pembeni. Kisha unaongeza kidogo. Kidogo kweli, siyo kidogo cha walevi. Ukiongeza, unaipa mtihani mrefu, nawe umekaa hapo hapo unatazama joto. Ikiganda, rudi nyuma au iongezee umeme chembe moja, kwa mkono wako. Kwa mkono wako, umenisikia? Usiiachie bodi, ule ubao unaobeba prosesa, ijichagulie umeme. Bodi ni kama shangazi kwenye harusi. Utasema nimeshiba, atakujazia sahani mpaka utapike."

"Nimekusikia."

"Na mtihani usiukate katikati. Mtihani uliokatwa ni sawa na kutofanya."

Nishikanta alifanya kama alivyoambiwa, na nilimwona akifanya, maana karakana ninayofanyia kazi inatazamana na chumba chake. Alilivua ubao wa ubavuni lile boksi la kompyuta, akaliacha wazi ili lipumue vizuri, akatoa vumbi kwa brashi ya kunyolea ya marehemu baba yake. Alipaka grisi mpya kidogo, kama punje ya dengu. Akafunga feni kubwa, ya mitumba, aliyoletewa na Imtiaz. Kisha akaingia kwenye ule ukurasa unaotokea kabla kompyuta haijaamka vizuri, akaongeza tarakimu moja tu ya mwendo, akakaa, mikono ameibana katikati ya magoti.

Mtihani ulikuwa programu inayoipa kompyuta hesabu ngumu zisizo na faida yoyote, mfululizo. Joto lilipanda kwenye skrini. Nishikanta aliniita nikasogea, tukatazama ile namba ikipanda kama watu wanaotazama maziwa jikoni. Ikapanda, ikasita, ikabaki pale.

"Imetulia," akasema kwa sauti ndogo.

Siku iliyofuata akaongeza tena. Kuna mara skrini iliganda, akarudi nyuma kama alivyofundishwa, akaongeza chembe ya umeme kwa mkono wake, akarudia mtihani tangu mwanzo. Hakuwa na haraka. Mtu ambaye hakuweza kukereza chuma sawasawa, nilimwona akikereza kitu kisichoshikika, na safari hii kilitoka mviringo.

Siku filamu ya kwanza ilipotoka kwa mwendo mpya, Nishikanta alikimbia jikoni akasimama mlangoni. Malati alikuwa ndiyo kwanza anaosha mchele.

"Shemeji, wali bado?"

Malati akamtazama. "Usiniambie imemaliza."

"Imemaliza. Imeshanawa mikono, inangoja chakula."

Jharna alikuwa akikatakata viazi, akaangua kicheko, na Malati akacheka pia, wale wanawake wawili pamoja, mpaka Haradhan akaja kuuliza kuna nini. Alipoambiwa, alikwenda akaitazama ile kompyuta kutoka mbali, mikono nyuma, kama mtu anayetazama ng'ombe wa mwenzake. "Mnyama mzuri," akasema.

Laiti Nishikanta angeishia hapo. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko inavyonihusu. Lakini mtu akishaonja mwendo, hutaka hatua moja tu zaidi.

Hatua hiyo moja ilikataa. Kompyuta iliganda, akaongeza umeme chembe, ikaganda tena, akaongeza, ikaganda. Ilikuwa jioni ya kuamkia siku ya Bishwakarma, mungu wa mafundi, na kichochoro kizima kilikuwa kinaosha mashine. Jamaa za bibi harusi mmoja walikuwa wanaisubiri filamu yao kabla hajaondoka na mumewe kwenda mbali. Nishikanta alichoka. Kwenye ule ukurasa palikuwa na neno la kuiruhusu bodi ijichagulie umeme yenyewe, akalichagua. Kompyuta ikakubali papo hapo, bila kuganda. Aliniambia baadaye kwamba wakati ule alijisemea, labda Imtiaz anazidisha tahadhari. Alipoamka asubuhi ndipo akauanzisha mtihani.

Hata hesabu hazijapamba moto, Haradhan alisimama mlangoni, ameshaoga, amefunga nguo mpya. Siku ya Bishwakarma kwetu hakuna chombo kinachofanya kazi. Nyundo, koleo, kerezo, vyote vinaoshwa, vinavishwa maua, vinapumzika, na mwenye karakana anavifanyia ibada.

"Zima," akasema.

"Kaka, haifanyi kazi. Inajaribiwa tu."

"Ng'ombe akijaribiwa jembe, halimi?"

"Kaka, nimeambiwa nisiukate."

"Na mimi nakuambia leo hata nyundo imelala. Zima, mdogo wangu. Usiniharibie siku."

Nishikanta akazima. Hakuzima kwa hasira, alimheshimu kaka yake. Aliliacha boksi wazi ubavuni kama lilivyokuwa, akapanda juu ya paa pamoja na watu wote kurusha tiara. Hata mimi nilikuwa juu. Anga lilijaa karatasi za rangi, na kila uzi ulipokatwa paa zote zilipiga kelele. Huko chini Haradhan peke yake alipita na sinia la ibada, lenye maua na maji matakatifu ya mtoni, akaivika kerezo shada la maua, kisha akaenda upande wa pili wa ukuta wa mbao, kwenye kompyuta. Mchana tulikula nyama ya mbuzi, kutoka chungu kimoja.

Kesho yake, mapema, Nishikanta hakuufanya tena mtihani. Wenye filamu walikuwa wameshapiga simu. Aliiwasha, akaipa kazi yenyewe, ile nzito, akatoka kwenda kununua sukari. Aliporudi alikuta harufu ya kitu kilichoungua na skrini nyeusi. Alibonyeza swichi, kimya. Akainama kutazama ndani ya boksi. Chini kabisa palikuwa na petali kadhaa za maua ya ibada, zimenyauka, na ubavuni kwa nje alama ya tone la maji lililokauka.

Nilimwona akitoka na zile petali kiganjani. Aliingia upande wa kaka yake, kazi imepamba moto, watu wamejaa, mimi mwenyewe nilikuwa pale nimeenda kuazima patasi.

"Kaka, umeiua!"

Haradhan akazima kerezo. "Nini?"

"Kompyuta! Umeimwagia maji yako! Tazama, maua haya yalikuwa ndani!"

"Nishi, punguza sauti."

"Sipunguzi! Ujinga huu utaisha lini? Mungu wako anajua chuma, anajua nini habari ya kompyuta? Unamwaga maji ya mtoni kwenye umeme!" Halafu akasema lile ambalo nadhani hata yeye hakujua kwamba lilikuwa ndani yake. "Hukutaka nifike popote. Tangu siku ile ya yai. Ulinipa nusu ya karakana ili uwe unanitazama nikishindwa, wewe na wenzako mcheke!"

Haradhan alichukua kitambaa chake begani, akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Haya."

Akawasha kerezo. Sisi wengine tukainamia kazi zetu kama watu wasiosikia.

Mchana ule Nishikanta hakwenda kula. Malati, aliyekuwa ameshasikia kila neno kutoka nyumbani nyuma ya karakana, hakumwita. Jharna aliona aibu, kisha aibu ikageuka kisirani. Alikwenda kwao, akarudi na jiko la gesi dogo na chungu chake. Kesho yake moshi wa kukaanga ulitoka kwenye madirisha mawili, na bibi mmoja jirani yetu akasimama njiani akayatazama, akapiga ulimi, akaenda zake.

Nishikanta alidhani ni jambo la siku chache. Alinong'ona nami, "Hasira zitapoa tu, kaka ni kaka." Filamu haikupotea, maana kazi zote alikuwa ameziweka kwenye diski ya pembeni kama alivyofundishwa. Aliimalizia kwa rafiki yake mwenye studio. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma. Hakikupotea chochote kisichonunulika, isipokuwa kile chungu kimoja.

Sikukuu za msimu ule zikafuatana, na soko la Chandni likajaa watu, halafu likafungwa, halafu likajaa tena. Mpaka alipoibeba kompyuta kwenda kwa Imtiaz, hali ya hewa ilikuwa imeshageuka na watu wameanza kuvaa sweta. Imtiaz aliifungua mezani, akaichunguza kwa lenzi.

"Nani kakwambia ni maji?"

"Yalikuwamo maua."

"Maua hayaunguzi, ndugu. Hapa ndani hapajaguswa na maji, pakavu kama kinywa cha mtu aliyefunga saumu. Sogea. Unaviona hivi vipande vyeusi pembeni mwa prosesa? Hivi ndivyo vinavyoilisha umeme. Vimeungua vyenyewe tu. Vingine vyote vizima." Akainua uso. "Umeme uliuweka kiasi gani?"

Nishikanta akavitazama vile vipande vyeusi.

"Uliiachia bodi?"

"Siku moja tu."

"Na mtihani?"

"Niliukata."

Imtiaz hakumgombeza. Alisema kwamba angekaa na mtihani ule, mkono karibu na swichi, harufu angeinusa mapema, angezima, bodi ingepona. Prosesa yenyewe aliikuta nzima, akaifunga kwenye karatasi akampa.

Nishikanta alikuja moja kwa moja kwenye karakana yetu. Alikaa juu ya ndoo, karatasi mkononi.

"Nimwambieje?" akaniuliza.

Mimi si mtu wa kuulizwa hivyo. Nikasema, "Mwambie kama Imtiaz alivyokwambia."

"Twende wote."

Nikaenda. Ilikuwa Jumapili, Haradhan amekaa uani anajipaka mafuta ya haradali kabla ya kuoga, na Malati amechuchumaa anakata mboga. Nishikanta alisimama mbele yake kama mtoto aliyerudishwa kutoka shule.

"Kaka, haikuwa maji. Ilikuwa mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Sikuyanyunyiza." Haradhan aliendelea kujipaka mafuta mkononi. "Niliona utumbo wote uko wazi, nikaogopa. Nikachovya kidole nikagusa boksi kwa nje. Shada nililiweka juu, petali zitakuwa zilidondoka zenyewe. Nishi, nimefanya kazi na mashine za umeme maisha yangu yote. Kwani mimi sijui maji na umeme?"

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Hukuwa unauliza. Ulikuwa unasema." Akahamia mkono wa pili. "Na kilichoniingia siku ile hakikuwa habari ya maji."

Nishikanta akaanguka, akamshika miguu. Haradhan alijaribu kumwinua, mikono ikateleza kwa mafuta, akajaribu tena. "Inuka, inuka bwana, utanuka haradali mpaka kesho. Yameisha. Mtoto wa mama yangu wewe, yameisha."

Nishikanta alijifuta macho. Akamgeukia Malati, akasema kwa furaha kama mtu aliyefungua mlango, "Basi shemeji, leo tule pamoja. Tukirudishe chungu kimoja."

Kisu cha Malati kikasimama. Hakuwa na hasira usoni. "Wali wa leo nimepima wa watu wetu, shemeji," akasema polepole. Dirishani kwake Jharna alikuwa anasikiliza, naye akarudi kwenye jiko lake.

Haradhan ndiye aliyelimaliza. "Liache, Nishi. Tangu watenge majiko hawajagombana. Juzi mkeo kamletea mke wangu bakuli la samaki, akapewa achari. Zamani uliyaona lini hayo? Tukiwarudisha, watarudi kununa." Akachukua taulo lake. "Sisi tulichelewa tu kupatana."

Akaenda kuoga. Nishikanta alibaki amesimama uani. Mimi sikujua niangalie wapi, nikaaga.

Ile prosesa aliiweka kwenye bodi nyingine, na tangu siku hiyo inakwenda kwa mwendo wa kiwandani tu. Filamu zinachelewa kama zamani. Wateja wengine wamemwacha, wengine wamemzoea. Anapoingoja imalize, hutoka akakaa kizingitini, na mara nyingi huwa anasikiliza kerezo ya kaka yake upande wa pili wa mbao.

Wale ndugu hawana ugomvi. Wanaalikana kwa sikukuu, na kila mmoja huenda. Bishwakarma iliyopita nilialikwa pia kwa Haradhan, nikamkuta Nishikanta anafika mlangoni wakati huo huo, nguo imepigwa pasi, mkononi ana boksi la vitumbua vya maziwa. Haradhan akatoka kutupokea, akamwambia mdogo wake, "Karibu, ingia, keti." Kwetu hayo ni maneno ya kumpokea mgeni, mtu hamwambii ndugu yake. Nishikanta aliketi pale alipoonyeshwa, miguu pamoja, akangoja kupakuliwa.